Daktari wa Simu Naye Asajiliwe

Ndugu zangu vijana, sheria ya NHIF ilitungwa mwaka 1999, simu za mkononi zikiwa za vigogo. Mfuko ukaingia mikataba na vituo, yaani majengo na mihuri. Leo mvuvi wa Goziba, Muleba, ana simu; daktari bingwa yuko Bukoba mjini. Kati yao kuna ziwa, na tangu MV Bukoba, 1996, tunalijua ziwa hilo.

Korona ilipobana mwaka 2020, Marekani iliwaruhusu madaktari kuwahudumia wanachama wa Medicare kwa simu kutoka majumbani, mfuko ukalipa. Sisi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tangu 2023. Wakubwa walegeze usajili: leseni ya Baraza la Madaktari itoshe. Matapeli? Hata kwenye majengo wamo! Mlio na ndugu visiwani mnaijua nauli ya boti ya kwenda kuambiwa "rudi Jumatatu".