Hotuba ya Mwenyekiti: Tuchangie Uzima Kabla ya Msiba



Leo kikundi chetu kinatimiza miaka kumi tangu 2015. Habari za hisa, mikopo na marejesho mtazisoma kwenye taarifa ya Mweka Hazina humu kitabuni. Sisi tumeona tuzungumzie jambo ambalo daftari la fedha halikuliandika.

Mnamkumbuka mwenzetu tuliyemzika mwaka 2019. Jina hatulitaji kwa heshima ya wanawe. Alianza kukosa vikao. Kanuni ni kanuni, tukamwandikia faini. Akakosa tena, tukaandika tena. Kumbe mwenzetu alikuwa akitokwa damu na kuona haya kukaa kwenye mkeka wa watu. Mkopo aliouomba kwa biashara ya maandazi uliishia kwa waganga. Alipofika hospitali aliambiwa ni kansa ya mlango wa kizazi, na imeshasambaa. Siku ya mazishi tulifungua mfuko wa jamii, tukatoa sanda, mchele na fedha ya turubai. Fedha ile ingetosha nauli ya hospitali, kwenda na kurudi, mara kadhaa. Faini zake tulizifuta tulipokwisha kumzika.

Kinamama, jambo hilo linatuuma mpaka leo. Na si sisi peke yetu. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 Tanzania walipata kansa hii mwaka huo, na zaidi ya 6,000 walifariki.

Wengi wetu tumeishia darasa la saba. Haya tuliyaelezwa na muuguzi wa zahanati aliyekuja kwenye vikao vyetu, nasi tunayasema kwa lugha yetu.

La kwanza, ugonjwa huu si laana wala si kurogwa. Daktari wa Ujerumani, Harald zur Hausen, aligundua miaka ya 1980 kwamba unaletwa na virusi viitwavyo HPV. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi huvipata wakati fulani wa maisha yao, hata mke aliyetulia kwenye ndoa yake. Kwa hiyo asinyooshewe mtu kidole. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Visiposhindwa, huchukua muda mrefu, kwa kawaida miaka 15 hadi 20, mpaka kuleta kansa. Miaka yote hiyo ni nafasi yetu ya kuuwahi.

La pili ni uchunguzi. Wengine tulidhani ni kupasuliwa. Sivyo jamani. Muuguzi hupaka kwenye mlango wa kizazi maji ya asidi nyepesi, ndugu yake siki tunayotia kwenye kachumbari. Baada ya dakika chache, mahali penye mabadiliko hugeuka peupe. Mabadiliko ambayo bado si kansa mara nyingi hutibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa kwa joto, na mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri tuanze kupimwa tukifika miaka 30. Mwenye virusi vya Ukimwi aanze na miaka 25, maana hatari kwake ni kama mara sita zaidi. Na anayetokwa damu isiyo ya kawaida, hasa baada ya tendo la ndoa, asingoje umri wala kikao.

La tatu ni chanjo, na hapa lazima tukiri kosa letu. Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwachanja nchi nzima wasichana wa miaka 14. Ulikuja uvumi, eti chanjo inafunga vizazi. Sisi viongozi wa kikundi tulikaa chini ya mwembe tukakubaliana mabinti wasiende shule siku hiyo. Hatukumwuliza mtaalamu hata mmoja. Mwaka uliofuata tukazika mwenzetu kwa ugonjwa ule ule ambao chanjo inauzuia. Mabinti wale leo ni wanawake wazima, wengine wana watoto. Tunawaomba radhi, na tunawaomba wafikapo umri wa kupimwa wasikose.

Uvumi ule haukuwa na ukweli. Huko Uskoti walianza kuchanja mwaka 2008. Taarifa iliyotolewa mwaka 2024 ilisema kwamba kati ya waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13, hakuna hata mmoja aliyeonekana na kansa hii. Na wanazaa kama kawaida.

Hapa nyumbani pia, Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti ulioanza 2017. Wengine walichomwa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliochomwa moja tu walikuwa bado na kinga mwilini. Kwa utafiti huo na mingine, Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja mwishoni mwa 2022, na Tanzania ikaanza kuitoa Aprili 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Hata hivyo aliyechanjwa naye atapimwa akifika umri, kwani chanjo haizuii kila aina ya virusi hivyo.

Kwa hiyo tumeazimia hivi. Mfuko wa jamii utatoa nauli ya kwenda kupimwa, na si mkopo. Mwanachama akikosa vikao viwili, atatembelewa nyumbani kwanza kabla ya kuandikiwa faini. Na chanjo ikija, mabinti na wajukuu wa viongozi ndio watakaotangulia kwenye foleni.

Kinababa, tunawaomba mturuhusu na mtusindikize. Mgeni Rasmi, tunakuomba utusaidie wapimaji wafike zahanati yetu mara kwa mara.

Miaka kumi tumejua kuchangiana sanda. Kumi ijayo tuchangiane nauli.

Kikundi hoyee!