Mlio wa Kiungo na Maumivu ya Mgongo: Mada kwa Wauguzi na Wakandaji wa Kongolo



Hapa Kongolo mtu anaishi kwa mgongo wake. Mpakizi wa magunia stesheni, kijana anayesukuma baiskeli yenye bido za mawese, mama anayetoka shambani na mzigo kichwani na mtoto mgongoni: kila mmoja, siku mgongo unapokataa, humtafuta kwanza mtu wa kumkanda. Mkandaji humlaza ubavu, humshika bega na nyonga, husukuma ghafla. Kiungo kinalia, mgonjwa anainuka akisema mfupa umerudi mahali pake.

Msukumo huo ndio kiini cha tiba iitwayo kiropraktiki, aliyoianzisha Daniel David Palmer mwaka 1895 mjini Davenport, Marekani. Palmer aliamini kwamba pingili za uti wa mgongo zilizohama hubana mishipa ya fahamu, na kwamba humo ndimo yanamotoka karibu magonjwa yote. Hilo halikuthibitika. Mwaka 1998 watafiti wa Sweden walipima kwa picha za eksirei mahali nyonga inapoungana na uti wa mgongo, kabla ya kusukumwa na baada yake. Mikono ya watabibu ilisema kiungo sasa kimekaa sawa. Picha zilionyesha hakikusogea.

Na ule mlio? Kiungo kina ute unaolainisha mifupa. Nyuso zake zikitenganishwa kwa ghafla, shinikizo ndani hushuka na uwazi wa gesi hufunguka kwenye ute. Mwaka 2015, huko Alberta nchini Kanada, jambo hilo lilionekana kwenye picha za MRI za vidole vilivyovutwa. Baada ya hapo kiungo huhitaji dakika 20 hivi kabla ya kuweza kulia tena. Kwa hiyo anayerudia kusukuma kwa sababu hakusikia mlio anamuumiza mtu bure.

Nafuu yenyewe ni ya kweli, na sipendi idharauliwe. Msukumo huamsha vihisio vya misuli na kano, habari zake hufika kwenye uti wa mgongo, maumivu hutulia na misuli iliyokaza hulegea. Uchambuzi wa majaribio 26 ya msukumo huo uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika maumivu mapya ya kiuno nafuu ilikuwa ya wastani, kama alama 10 katika 100, kwa muda wa hadi wiki 6. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka tiba hii ya kusukuma mgongo miongoni mwa zile zinazoweza kutumika kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya kiuno, sambamba na mazoezi na elimu kwa mgonjwa.

Lakini kwetu kuna jambo zito zaidi. Kongo ni kati ya nchi zinazoelemewa sana na kifua kikuu, na ugonjwa huo hula pia pingili. Mgonjwa wake anaweza asikohoe kabisa. Anakonda, ana homa za jioni, anatoka jasho usiku, mgongo unauma hata akilala, na baadaye nundu inachomoza. Pingili iliyoliwa hivyo ikisukumwa inaweza kuvunjika na kumpoozesha mtu ambaye angepona kwa dawa, dawa ambazo nchini mwetu hutolewa bure. Mtoto mwenye selimundu, ile tunayoiita SS, naye hulia kwa maumivu ya mifupa. Anahitaji maji, dawa ya maumivu na hospitali. Aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi asiguswe kabla ya kupimwa. Miguu ikilegea, ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo ukigoma, apelekwe hospitali kuu siku hiyohiyo. Shingo msiizungushe kwa nguvu: ni nadra, lakini mshipa wa damu huweza kuchanika na kuleta kiharusi.

Naomba basi tukubaliane hapa kuhusu maswali ya kumuuliza kila mgonjwa kabla ya kumgusa: homa, kukonda, kuanguka, ganzi, mkojo. Mkandaji akipata jibu moja la kutisha, ampeleke kituo cha afya bila kuogopa kukemewa. Naye muuguzi, akishampima, amrudishie mkandaji habari: mgonjwa amekutwa na nini, na kama anaweza kukandwa tena au la.