Gari Refu Katika Kichochoro cha Mawe

Ninyi madereva na utingo mliokuja hapa na grisi bado mikononi: maneno ya leo ni juu ya pikapu ndefu na njia nyembamba yenye mawe. Jambo hili si dogo. Katika Mashimoni ya Kibera, ukingo wa njia na ukuta wa nyumba aghalabu ni kitu kimoja. Hapana uwanja katikati. Gari likipotoka kwa upana wa kiganja, hugusa udongo na mabati ya nyumba ya mtu, na pengine mtoto wake amelala upande wa pili wa mabati hayo. Kadhalika ndivyo ilivyo katika vichochoro vya Kawangware. Dereva wa porini akikosea huvunja kichaka. Dereva wa hapa akikosea huvunja jirani.

Jina lenyewe la Mashimoni humpa mgeni habari ya ardhi atakayoikanyaga. Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkeno, magumu na yenye kona kali, na kila mahali mvua ilipochukua udongo mawe hayo hutokeza juu kama migongo ya viboko majini. Tena ardhi ya Kibera huteremka kuelekea mto Ngong, ambao maji yake huingia katika Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953. Kwa hiyo maji ya mvua hukata njia toka juu hadi chini, na kila familia huchimba kijitaro chake ili maji yasiingie mlangoni. Basi mtu akipita na gari hukutana na jiwe, kisha mtaro, kisha jiwe, na baina ya hayo udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza kama sabuni.

Mahali hapa hapakupimwa kwa ajili ya magari. Waliokaa kwanza ni askari Wasudani wa jeshi la King's African Rifles, ambao wazao wao ndio Wanubi wa leo. Ardhi ikatengwa rasmi kwa ajili yao mwaka 1912, na jina la Kibra katika lugha yao lilikuwa na maana ya msitu. Njia za msitu ni njia za miguu. Nyumba ziliongezeka pande zote mbili, lakini njia hazikuongezeka upana. Ilipofika Julai 2018, ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road ipite, nyumba zilibomolewa na maelfu ya watu wakakosa mahali pa kulala. Hiyo ndiyo bei ya njia pana mahali penye watu wengi namna hii. Anayengoja kila kichochoro kipanuliwe ndipo ajifunze kuendesha, atangoja sana.

Magari nayo yamekwenda kinyume cha njia: yamerefuka. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa mwaka 1948, ilikuwa na inchi 80 tu toka ekseli ya mbele hata ekseli ya nyuma, yaani sentimeta 203. Wakulima na wenye maduka wakataka kubeba mzigo zaidi, na katika mwaka wa 1954 ikapatikana pikapu yenye inchi 107. Leo pikapu ya Toyota Hilux yenye milango minne ina sentimeta 308 na nusu baina ya ekseli zake, na Land Cruiser ya pikapu ina sentimeta 318. Urefu wote wa gari, toka bampa hata bampa, hupita meta 5. Gari kama hilo ni zuri sana katika barabara ya lami ya kwenda Nakuru. Likiingia Mashimoni, urefu huo huleta taabu tatu, na ni heri dereva azijue kabla ya kuingia kuliko kufundishwa na ukuta.

Taabu ya kwanza ni kona. Magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za magurudumu ya mbele, hukata ndani. Hesabu yake ni ya pembetatu, ile ile wanayofundishwa watoto wa shule. Tuseme gurudumu la mbele lapita katika duara ambalo toka katikati yake hata ukingoni ni meta 6 na nusu. Gari fupi lenye sentimeta 236 baina ya ekseli litakata ndani kwa sentimeta 44. Ile Hilux, katika kona ile ile, itakata ndani kwa sentimeta 78. Hizo sentimeta 34 za tofauti ndizo kizingiti cha mlango, ndizo jiko la makaa la mama anayekaanga samaki kwenye kona, ndizo nguzo ya kioski. Dereva hutazama mbele, aona bampa imepita salama, ashukuru Mungu, akanyaga mafuta. Ndipo asikiapo mabati yakilia nyuma yake. Gari refu lataka kuchelewa kukata kona. Pua ya gari na ipite kona kwanza, mpaka dereva aone kama kwamba amekwisha kosea, ndipo azungushe stelingi. Lakini akumbuke pia kwamba anapozungusha, mkia wa gari ulio nyuma ya ekseli hutupwa upande wa pili, na huko nako kuna ukuta.

Taabu ya pili ni tumbo. Jiwe lililo kama tuta, au ukingo wa mtaro uliopandishwa kwa zege, hulipokea gari katikati, magurudumu ya mbele yakiwa yameshuka upande mmoja na ya nyuma bado upande wa pili. Kwa gari ambalo tumbo lake liko sentimeta 22 juu ya ardhi, ukilipima kwa mahali magurudumu yanapogusa chini tu, gari fupi lile la sentimeta 236 huweza kuvuka tuta la kiasi cha digrii 21. Lile refu hukwama likipita digrii 16. Gari likikalia tumbo, magurudumu huzunguka hewani, na vijana hamsini wa mtaa huja kusukuma, nao hawasukumi bure.

Taabu ya tatu ni mkia. Katika pikapu, chuma kingi kimetokeza nyuma ya ekseli ya nyuma. Pua ikishuka mtaroni na kupanda tena, mkia hukokota chini, nao huvunja bomba la moshi, taa, na mara nyingine lile gurudumu la akiba lililofungwa chini yake. Mzigo wa mawe ya Ndarugo ukiwa umewekwa wote nyuma kabisa, springi hulala, na taabu ya tumbo na ya mkia huongezeka pamoja. Afadhali mawe yapangwe karibu na kibanda cha dereva, na simenti juu ya ekseli.

Basi gari huingizwaje? Kwanza kwa miguu. Dereva na ashuke, aende njia nzima mpaka mwisho, na kurudi. Hapana ila katika jambo hilo. Katika mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 na ambayo fedha zake zilisaidia kujenga ua wa umeme wa milima ya Nyandarua uliokamilika mwaka 2009, magari hupitishwa mahali pasipo na barabara yo yote, yakitakiwa kufika katika vituo 13 kwa muda wa saa 10. Mshindi ni yule aliyevifikia kwa mwendo mfupi kuliko wengine. Na wale mabingwa, wenye magari ya gharama kubwa, huwatanguliza watu wao mbele wakikimbia kwa miguu kutazama mawe na makorongo. Kama bingwa haoni aibu kutanguliza mtu, dereva wa mchanga wa Mashimoni aone aibu ya nini? Wengi hapa hupenda zaidi hadithi za Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, zenye vumbi na mbio. Hadithi hizo ni tamu, ila hazina msaada wo wote katika kichochoro.

Akiwa anatembea, dereva apime mahali pembamba kuliko pote. Apime kwa kamba iliyokatwa sawasawa na upana wa gari pamoja na vioo vyake. Jicho hudanganya, hasa jicho la mtu aliyekwisha lipwa nusu ya fedha. Atazame juu pia, maana mapaa ya mabati hutokeza njiani, na nyaya za umeme zimening'inia. Atazame chini apate kujua mabomba ya maji yamepita wapi. Mabomba ya plastiki yaliyolazwa juu ya ardhi ni maji ya watu wengi sana. Gurudumu moja likiyapasua, mtaa mzima utanunua maji kwa bei ya juu siku hiyo, na uchafu wa mtaroni utaingia mle mle katika bomba. Mahali penye mabomba na yawekwe mbao mbili, kila upande wa bomba moja, na ya tatu juu yake, gari lipite kama juu ya daraja.

Utingo ndiye macho. Awe mmoja tu. Desturi ya hapa ni kwamba gari likianza kurudi nyuma watu kumi hupaza sauti pamoja, huyu "Kata!", yule "Nyoosha!", na mtoto juu ya paa "Njoo, njoo, njoo!" mpaka kishindo. Dereva asimsikilize mtu ila utingo wake, na utingo asiseme bali aonyeshe kwa mikono, akisimama mahali ambapo dereva aweza kumwona machoni. Asimpoteze dereva hata mara moja. Akimpoteza, gari lisimame. Wala asisimame kamwe baina ya gari na ukuta. Breki ya mkono katika mteremko wa mawe si kitu cha kukabidhiwa kifua cha mtu.

Juu ya jiwe lenyewe, madereva wengi hupenda kuliweka katikati ya magurudumu, wakitumaini tumbo litapita. Hiyo ni njia ya kutoboa tangi la oili. Jiwe lisilolegea na likanyagwe kwa tairi, polepole, ili gari lote liinuke na tumbo liinuke pamoja nalo. Mtaro usiingiwe kwa magurudumu yote mawili ya mbele mara moja. Gari na liukate kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na daima matatu yakiwa juu ya ardhi ngumu. Lakini katika mteremko mkali mshazari ni hatari, kwani gari lenye mzigo mrefu hupinduka. Hapo na lishuke limenyooka, katika gia ya kwanza, mguu ukiwa mbali na klachi. Gari lenye gia za nguvu za magurudumu manne na lizitie kabla ya jiwe, wala si baada ya kukwama. Vidole gumba na viwe nje ya stelingi, maana jiwe likipiga gurudumu la mbele stelingi huruka, na kidole kilichofungwa ndani huvunjika. Madereva wa porini hupunguza upepo wa tairi ili zishike mawe. Kwa gari lililopakiwa simenti, katika njia yenye vipande vya mabati na chupa, jambo hilo halifai, kwani ubavu wa tairi utakatika.

Iko pia hekima ya kuingia kinyumenyume. Katika kichochoro kisicho na mahali pa kugeuzia, gari lililoingia kwa pua hutoka kwa mkia, tena pengine usiku. Anayeingia kinyumenyume mchana, gari likiwa na mzigo na utingo akiwa na nguvu, atatoka kwa pua huku akiona anakokwenda. Zaidi ya hayo, likirudi nyuma, magurudumu yanayogeuka huwa nyuma ya mwendo, na mkia huweza kutiwa mahali ambapo pua isingeingia. Jambo hili lina maana kubwa kuliko mchanga na mawe. Usiku mama mjamzito akizidiwa, na pikapu ya jirani ndiyo pekee iliyo karibu, lile gari lililoegeshwa pua ikitazama barabara hufika hospitali ya Mbagathi kabla ya lile ambalo kwanza lazima lihangaike kugeuka gizani kati ya nyumba.

Na ziko njia ambazo pikapu ndefu haifai kuziingia hata kidogo. Kamba ikionyesha kwamba pamebaki chini ya viganja viwili kila upande, na kona iko mbele, mzigo na ushushwe barabarani uchukuliwe kwa mkokoteni. Wenye mikokoteni watadai fedha yao, na mwenye mzigo atanung'unika. Afanye hesabu ya ukuta mmoja wa udongo, mabati manne, na siku mbili za kugombana mbele ya mzee wa kijiji. Ataona kwamba mkokoteni ni rahisi. Dereva anayekataa kuingia asichekwe na wenzake kijiweni. Huyo amefahamu gari lake.

Gari likiisha toka salama, kazi bado haijaisha. Utingo na alale chini atazame mabomba ya breki, springi, na mbavu za tairi upande wa ndani, mahali jiwe linapokata bila kuonekana. Kisha breki ikanyagwe mara tatu gari likiwa limesimama, kabla halijaupanda mlima wa kutokea barabarani.