Vikundi vya Kusikilizana kwa Wanafunzi wa Sekondari: Mada kwa Walimu na Wazazi, Mpanda



Vijiji vya mkoa wetu wa Katavi viko mbali mbali, kwa hiyo watoto wetu wengi wa sekondari hupanga vyumba karibu na shule. Mageto hayo tunayajua. Binti wa miaka 15 anajipikia, anapima unga ufike Jumamosi, na usiku hana wa kumwambia kwamba hajaziona siku zake. Chumba cha pili yupo kijana ambaye baba yake anamtaka aache shule akachunge ng'ombe. Ukuta mmoja unawatenganisha, na kila mmoja anaamini dunia imemwelemea yeye tu.

Kwa binti huyo, takwimu zinamkanusha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliikuta Katavi ikiongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 27. Jambo linalowapata wengi kiasi hicho bado kila binti hulibeba kama aibu yake binafsi. Novemba 2021 Serikali iliruhusu waliojifungua warudi shuleni, nami nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Lakini anayerudi, wakati wa mapumziko anakaa na nani?

Tutasema yupo mwalimu wa ushauri na unasihi. Mara nyingi mwalimu huyo ndiye pia anayeshika fimbo asubuhi kwa waliochelewa. Mtoto hatamfungulia moyo jioni. Kazi hizi mbili zisipewe mtu mmoja. Hili halihitaji bajeti.

Jirani zetu Kenya wamejaribu njia nyingine. Taasisi ya Shamiri huwatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni. Baada ya mafunzo mafupi, wanaongoza vikundi vya wanafunzi kwa saa moja kila wiki, wiki nne. Hawatangazi kwamba wanatibu sonona. Wanazungumza juu ya kubadilika, kushukuru na yale mtu anayoyathamini. Utafiti uliofanywa Nairobi na Kiambu, ukachapishwa 2021, ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zilipungua. Nadhani siri iko kwa kiongozi mwenyewe: juzi tu alikuwa amevaa sare hiyohiyo.

Mpanda tunao vijana waliomaliza kidato cha sita wanaosubiri vyuo. Tuanze na shule mbili, kidato cha pili, vikundi vidogo, wavulana peke yao na wasichana peke yao mwanzoni. Yanayosemwa kikundini yasifike ofisi ya nidhamu wala kikao cha wazazi. Isipokuwa ubakaji, kipigo, au mtoto anayesema anataka kujiua: hayo kiongozi asiyabebe peke yake, ayafikishe siku hiyohiyo kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116, simu ya bure ya watoto, ibandikwe kwenye milango ya mageto, si ofisini kwa mkuu wa shule.

Naomba wakuu wa shule walio tayari wajitaje leo, kabla hatujafunga kikao.