Taa Nyekundu na Usalama wa Mtoto Wako

Leo katika mazungumzo yetu ya afya tunazungumza kuhusu taa nyekundu ya barabarani.

Huenda ukauliza, "Taa ya barabarani na afya, wapi na wapi?" Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hapa Kenya, katika miaka ya karibuni, watu zaidi ya 4,000 wamekufa barabarani kila mwaka. Kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu.

Mama, wewe humfundisha mtoto kungoja taa kabla ya kuvuka. Mtoto anatii. Je, dereva naye? Sote tumeona matatu au bodaboda ikipita taa ikiwa nyekundu kwa sababu askari hayupo.

Jiji la New York, Marekani, lilianza kutumia kamera za taa nyekundu mwaka 1994. Kamera huunganishwa na taa. Gari likivuka mstari baada ya taa kuwa nyekundu, hupigwa picha pamoja na nambari yake ya usajili. Mwenye gari hutumiwa faini ya dola 50. Kamera haichoki, haiendi kula chakula cha mchana, wala haipokei kitu mkononi.

Kwa takwimu za jiji hilo, uvunjaji wa taa nyekundu ulipungua kwa zaidi ya asilimia 70 kwenye makutano yenye kamera. Ndiyo maana mwaka 2024 sheria iliruhusu makutano yenye kamera yaongezwe kutoka 150 hadi 600.

Je, kuna hasara? Ndiyo. Madereva wengine hufunga breki ghafla na kugongwa kutoka nyuma. Lakini gari kugongwa ubavuni katikati ya makutano ndiko huua zaidi. Na mtoto anayevuka kwa miguu hana chochote cha kumkinga.

Basi wewe mzazi au mlezi ufanye nini?

Kwanza, mshike mtoto mdogo kifundo cha mkono, si vidole. Vidole huponyoka.

Pili, taa ikiwaruhusu kuvuka, msiondoke papo hapo. Hakikisheni magari ya kila upande yamesimama. Angalieni pia bodaboda inayopenya katikati ya magari.

Tatu, ukiwa ndani ya matatu na dereva apite taa nyekundu, usinyamaze. Mwambie.

Nne, kaunti inapokusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti, nenda. Taja makutano ambayo watoto wenu huvuka wakienda shule, na uulize ni lini yatawekewa kamera.

Mtoto ametii taa. Tuwasaidie wakubwa nao waitii.