Jina linaitwa, mwenyewe yuko, hasikii



Leo hatusemi juu ya mbegu wala mabati. Tunasema juu ya masikio, kwa sababu tuko na shida siku za kugawa: jina linaitwa, mtu amesimama pale pale, haitiki. Karani anaandika "hayupo", naye anarudi nyumbani mikono mitupu. Halafu watu wanasema ana kichwa kigumu. Hapana.

Sikio halifungwi kama jicho. Linapokea sauti zote. Kutoka pale sauti inafika sehemu ya ubongo iliyo ubavuni mwa kichwa, karibu na sikio. Mwaka 2012 Nima Mesgarani na Edward Chang, kule San Francisco, Marekani, walipima sehemu hiyo kwa wagonjwa waliosikiliza watu wawili wakisema pamoja. Ubongo ulifuata sauti ya yule aliyesikilizwa; ya mwenzake ilififia. Zamani kidogo, 1959, Neville Moray wa Uingereza aliwapa watu maneno ya kufuata kwa sikio moja, akapitisha majina yao kwa sikio la pili. Karibu mmoja tu kati ya watatu alisikia jina lake.

Basi mama ana mtoto mgongoni, anaongea na jirani, mashini ya kusaga inalia: jina lake linaweza kufika sikioni na kupotea.

Sisi tuliokimbia masasi tuko na jambo lingine. Watafiti waliona kwa wanyama kwamba sauti ikifuatwa na maumivu, sehemu ile ile ya ubongo inaanza kuijibu kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mtu aliyetoka upande wa Salamabila akishtuka bati linapoanguka, tusimcheke. Si uoga, si uchawi. Na mtoto anayegeuka kila pikipiki ikipita nje ya shule, fimbo haitamfundisha kusikiliza.

Tufanye hivi. Tutafute kwanza kimya, ndipo tuite. Jina liitwe mara tatu, pamoja na kijiji. Mtu asiandikwe "hayupo" kabla ya kuuliza majirani zake. Darasani, mwalimu ataje jina la mtoto kwanza, swali lifuate. Na mtoto asiyesikia hata mahali pa kimya, ao sikio lake linatoa usaha, apelekwe kituo cha afya.

Wafadhili wetu, hatuombi kipaza sauti kikubwa zaidi. Makelele juu ya makelele hayasaidii. Tunaomba muda: siku mbili za kugawa kuliko moja, watu wachache kwa kila zamu, mbali na mashini. Mfuko wa unga uliopangiwa mjane ufike kwa mjane.