Tangi la Data kwa Kompyuta za Kikundi

Ninyi wa Kisauni mnazijua gharama za mkokoteni wa maji. Mwenye tangi hujaza mara moja, nyumba nzima ikachota. Asiye nalo huuita mkokoteni kila siku.

Basi kompyuta zetu sita za darasani hazikuwa na tangi. Kila moja ilijivutia mtandaoni marekebisho yale yale ya Ubuntu, yaani tulilipa mara sita. Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa mwaka 2009, sawa, lakini data bado twanunua kwa mchango wa akina mama. Ikiisha katikati ya mwezi, vijana hurudi nyumbani.

Tangi lenyewe ni programu ya bure, Squid. Iwekeni kwenye kompyuta moja, na nyingine zote ziambiwe zipitie hapo, mlango nambari 3128.

Hapa nikiri kosa langu. Tuliiweka, tukapiga makofi, data ikaisha vile vile! Kumbe ikiachwa ilivyo, Squid haihifadhi kitu kwenye diski, tena hukataa faili linalozidi megabaiti 4. Fungueni squid.conf, mtafute mstari wa cache_dir. Juu yake andikeni maximum_object_size 1 GB. Kisha futeni alama ya # iliyo mbele ya cache_dir, na ile 100 iwe 20000, kama gigabaiti 20 hivi. Iwasheni upya.

Video za YouTube msizitarajie humo. Anwani za https hupita kama barua yenye lakiri, Squid haioni ndani. Hizo sisi twazitazama Jumamosi tu, pamoja, kwenye skrini moja.